Waya wa Kurudi

Lililetwa Mtanda likivutwa kwa kamba ya katani,
Selika ya mwaka sabini na nne, milango miwili,
rangi zamani chungwa, sasa chungwa lililosahaulika jikoni.
Mwenyewe, Mwalimu Eufrasia Namwambe wa fizikia,
alikaa kwenye usukani, mkoba mapajani,
kama abiria wa gari lake.

"Linazima Mingoyo," akasema. "Si kabla, si baada.
Pale pale kwa wauza kamba wa kukaanga."
Vijana wangu wakacheka: gari lina njaa.

Nikawasha. Likawaka,
likanguruma bila aibu, kama mtoto
aliyelia usiku kucha, kufika zahanati
anacheka na daktari.

Siku ya kwanza nikafungua kabureta,
nikatoa mchanga kijiko kizima na mabawa ya kumbikumbi.
Siku ya pili pointi: nikazipiga msasa,
mwanya nikaupima kwa wembe, maana kipimo changu
kimeazimwa na mtu wa Mikumbi,
na Mikumbi ni mbali kwa anayedaiwa.
Siku ya nne koili. Niliomba pesa ya mpya, nikapewa.
Siku ya sita tukaenda nalo Mingoyo,
mwalimu, mimi, na taa ya kupimia.

Likazima. Kwa wauza kamba.
Tukala kamba. Likapoa. Likawaka.

"Umeme hauna siri," mwalimu akasema, akilamba chumvi kidoleni.
"Una njia ya kwenda na njia ya kurudi.
Wewe unatafuta ya kwenda tu."

Sikulala vizuri.
Mimi niliyefufua malori ya korosho usiku wa mvua, porini,
mtu wa chaki ananifundisha kurudi!

Alfajiri nikajilaza chali chini ya dashibodi,
miguu nje ya mlango, tochi mdomoni.
Nyaya za gari kuukuu ni ukoo:
mwekundu kaoa kwa bluu, bluu kamzaa kijani,
na yupo mmoja katikati, hakuna amjuaye baba yake.
Hewa ya chumvi ya kwetu haibishi hodi;
imekula shaba, imebakiza unga.
Nikaufuata mweusi, ule wa ethi, wa kurudi.
Nyuma ya redio nikaugusa: umeungwa.
Umeviringishwa mpira wa tyubu,
juu yake uzi wa gunia la korosho,
na fundo la uzi limepinda kushoto.

Nikatoa tochi mdomoni.

Mikono ya mafundi wa Lindi naijua kama miandiko.
Wote hufunga kulia.
Mmoja tu, kijana wa Fundi Ligwama,
aliyekula makofi kwa kushika spana kwa mkono usiotakiwa,
ndiye aliyefunga hivi, jioni moja,
mwenye gari wa wakati ule akipiga honi, ana safari.
"Liende tu kwa leo," nilisema.
Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Leo hiyo imekaa miaka ishirini na sita.
Injini ikipata moto mpira unalegea, waya unaachia,
na kutoka Mtanda, moto huo
hukamilika Mingoyo.

Nikakata. Nikakwangua bodi hadi bati jeupe,
nikakaza nati mpya, nikapaka grisi.
Dakika kumi na moja.

Mwalimu alipofika akauliza: "Ugonjwa ulikuwa wapi?"
Maneno yakanijaa: kutu, chumvi, uzee, Wajapani.
Kisha nikafungua kiganja.
Akalitazama fundo.
Akanitazama nikiandika risiti,
kalamu katika mkono ule ule.

Hakusema kitu. Akainama kwenye ndoo ya vyuma chakavu,
akaitoa koili yake ya zamani, nzima,
akaifuta kwa leso, akaiweka juu ya daftari langu,
akangoja chenji.