Jumanne ya Wanaume

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mji ni wa wanawake.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi ni wetu.
Jumapili ni ya mbwa na askari.
Na hata siku yako ina saa zake: kitambulisho changu kinaishia na saba,
basi natoka saa kumi na mbili na nusu,
na ikifika saa mbili na nusu niwe nimeshajifungia ndani
kama kuku.

Zoraida ana pumu. Sikumruhusu atoke,
ingawa tangu lini mimi nimemruhusu au kumkataza kitu?
Kanipa orodha, kanifunga barakoa
aliyoishona kwa pazia la jikoni, maua ya buluu puani.

Miaka thelathini na mmoja nimepitisha meli kwenye mfereji.
Milima ya chuma, na baina ya chuma na ukuta
upana wa mkono tu, wala rangi haikuchubuka.
Leo, mlangoni mwa soko la Calidonia,
kijana wa ndevu tatu ananiambia, "Mzee, mita mbili."
Kachora mistari ya chokaa chini.
Nikasimama kwenye mstari wangu.

Foleni nzima wanaume, kila mmoja na simu sikioni:
"Kabichi gani? Ndogo kiasi gani?
Sasa hiyo nitaijuaje?"
Sijapata kusikia wanaume wengi namna ile
wakiuliza njia.

"Ndizi," kaandika Zoraida. Ndizi tu.
Kama kwamba kuandika "mtu" kungetosha kumpata mtu.
Zipo mbichi, zipo za madoa, zipo nyeusi tititi
zinazolia ukizigusa.
Mwenye meza, Bi Eneida wa Chiriquí,
akaishika orodha kwa mbali kama barua ya deni,
akacheka kwa macho, maana ndiyo yaliyobaki.
"Mwandiko huu naujua. Wewe ndiye mume wa Zoraida."
Akanijazia mwenyewe: magimbi, muhogo, kiazi kikuu,
ndizi za madoa.

"Na stafeli lake?"
"Stafeli gani?"
Akanyamaza, kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka.
"Kila Jumatano, kipande kimoja. Hukila hapa hapa, kasimama,
kikapu katikati ya miguu, mbegu akizitemea kiganjani.
Miaka ishirini sasa. Husema nyumbani halipendwi."

Nyumbani.
Nyumbani ni mimi.
Nilisema mara moja tu, mwaka ule tuliooana,
kwamba harufu yake inanichefua.
Nikasahau.

Nikalinunua zima, zito kama mtoto wa miezi miwili,
nikalibeba hivyo hivyo, kifuani,
mifuko mingine ikinikata vidole.
Askari wa kona akatazama saa, akatazama tunda,
akaniacha nipite.

Viatu nje. Nguo kwenye ndoo.
Sarafu kwenye bakuli la klorini.
Zoraida huosha kila kitu kwa sabuni, hata vitunguu;
mfuko wa mchele kaupangusa kama uso wa mgonjwa.
Akafika kwenye stafeli.
Mkono ukasimama.
Pumzi yake naijua, nimeisikiliza usiku mwingi mwaka huu.
Ilikatika. Nikaitafuta kwa macho pampu ya dawa.
Ikarudi.

"Nani kakwambia?"
"Foleni ilikuwa ndefu," nikajibu.

Akaliosha taratibu, mwiba kwa mwiba.
Akalikata. Akavuta kiti, akaketi, akala.
Mimi upande wa pili, dirisha wazi,
nikiivumilia harufu ambayo, niseme kweli, bado siipendi.
Mbegu zikaanguka, ti, ti,
kwenye sahani ya wageni.

"Magimbi haya," akasema bila kuinua kichwa,
"yana maji. Alhamisi mwambie Eneida
asikuuzie kama mgeni."