Nambari Kumi na Nne

Siku ya tisa. Saa kumi na mbili na robo jioni,
kizimbani, nyuma ya majabali ya Mkolani,
tumbili ananijua kwa mlio wa funguo.
Paja hulileta mwenyewe,
kama anayelipa deni asilokumbuka alikopa wapi.
Jana kushoto, leo kulia.
Homoni hii, asema Dokta Lufungulo,
huyaamsha mayai yanayongoja zamu
yaive yote kwa mkupuo.
Zamu! Kana kwamba tumboni kuna foleni ya bombani.

Asubuhi ya kuvuna amelala, ulimi nje kidogo.
Kwenye kioo, vivuli vya duara
kama povu la ziwa likikwama maweni.
Kumi na moja, dokta ananong'ona,
asije akayashtua.
Naandika. Moja naliandika mara mbili, nafuta.

Juzi pale Mwaloni, Bi Nshoma alipasua sangara,
akayamwaga mayai mfereji mzima ukawa njano,
wala hakuhesabu,
akaniuliza kama nataka na kichwa.

Kadi yangu ya kliniki imo mkobani.
Dawa ni ileile, kipimo tu mbalimbali.
Mimi nilitia saini karatasi tatu.
Yeye alipewa papai.

Jioni kaamka, anayumba.
Kapitisha mkono kwenye nondo, kanipekua malaika ya mkono
kama atafutaye chawa,
mpaka kwenye kovu bichi la sindano yangu.
Kalinusa. Kanitazama.
Kisha karudi kwenye papai,
akichokoa mbegu mojamoja, akizitupa sakafuni.

Ufagio ulikuwa mlangoni.
Sikuugusa.