Ni Ahero Ngapi

Kwenye simu yangu mstari umepinda kama utambi
toka Kisumu hadi Winnipeg:
kilomita elfu kumi na mbili, mia nane na ushei.
Chini yake, kwa maandishi ya kufinya macho,
saa kumi na tano na nusu,
kana kwamba ipo ndege ya kwenda moja kwa moja
isiyojua Nairobi, isiyojua foleni za Amsterdam,
wala kile kiti cha chuma alicholalia Magak huko Toronto
akikumbatia begi la omena.

Mama hakuiamini simu.
"Elfu kumi na mbili ya nini?"
Mkono ungali guniani, anachambua mchele.
Gorogoro anaijua. Kamba ya gunia anaijua.
Kilomita hajawahi kuishika.
"Wewe niambie ni Ahero ngapi."

Nikakaa na kalamu juu ya risiti ya mbolea.
Ahero hadi soko la Kibuye, tuseme ishirini na tano.
Kwenda na kurudi, hamsini.
Nikagawanya, nikafuta, nikagawanya tena.
"Jumapili mia mbili hamsini na sita, Mama.
Miaka mitano hivi, halafu unabisha hodi."

Akanyamaza.
Ndege ya asubuhi ilikuwa ikishuka juu ya Kano,
magurudumu yamening'inia kama miguu ya korongo.
Mpungani watoto walikuwa wakiwinga ndege:
wale wadogo wakawarushia udongo,
ile kubwa wakaiacha ipite.

"Nilianza kuuza Kibuye," akasema,
"mwaka ule Nyando ilipokula jikoni,
wewe ukiwa mgongoni. Una miaka mingapi?"
Ishirini na mmoja.
Akakunja vidole, kimoja kimoja,
mavumbi ya mchele yakimwagika.
"Basi nimekwisha fika. Nikarudi.
Nikafika tena, nikarudi,
na gunia langu,
na hakuna siku hata moja mwanangu alinifungulia mlango."

Akacheka mpaka akakohoa.
Mimi nilikuwa nikitazama risiti.

Jumapili tukapakia saa kumi na moja alfajiri.
Kwake ilikuwa saa mbili usiku, tena bado Jumamosi;
hata siku yetu haijamfikia.
Simu ikalia pikapu ikipita Rabuor,
sauti yake ikikatika, na nyuma yake
kitu kinakwangua, kwangu, kwangu:
koleo, alisema, anaondoa theluji mlangoni.

"Uko wapi, Mama?"

Mama akanigeukia. Nikamwonyesha ile risiti,
namba ya mwisho niliyoipigia mstari.

"Niko njiani nakuja," akamwambia.
"Zimebaki Jumapili mia moja themanini na nane.
Bandika maji."