Amana ya Dola Mia Tatu

Mei mosi, na Marquette theluji bado inaanguka,
kana kwamba Januari ilisahau kofia yake kwetu
ikarudi kupiga hodi.
Saa sita usiku milango yote miwili inafungwa,
isipokuwa ule nitakaoulipia.

Mezani: bahasha mbili, siagi, funguo za baba,
na kikokotoo ambacho kitufe chake cha saba kimelegea;
ukikigusa mara moja kinaandika sabini na saba.
Ndiyo maana ada ya kila chuo imetutisha kupita kiasi chake.

Bahasha ya kwanza imetoka Wisconsin, mwendo wa saa nne,
chuo cha wanafunzi mia tisa na paka mmoja wa maktaba.
Chuo cha sanaa huria.
"Huria kutoka nini?" baba aliuliza,
si kwa dhihaka; alitaka kujua,
kama anavyomuuliza mtu gari lake linalia wapi.
Nikamwambia: unasoma nyota, unasoma Kigiriki, unasoma udongo,
hakuna anayekuharakisha useme wewe ni nani.
Akatafuna mkate wake muda mrefu.
"Na anayelipa," akasema, "yeye haharakishwi?"

Ya pili ina mihuri miwili:
miaka miwili Le Havre, miaka miwili New York,
mwishoni shahada pacha, kila moja na utepe wake.
Shangazi Tyyne ameshaitangaza kanisani.
Wahenga walionya, mshika mawili moja humponyoka,
lakini fomu hii hawakuiona:
mawili yametiwa pingu moja, ukivuta hili lile linafuata.
Mimi siogopi kuponyokwa.
Naogopa kuzoea kuaga
kabla sijazoea jina la mtaa.

Saa mbili usiku nilimpelekea baba chupa ya kahawa aliyoisahau.
Alikuwa ghalani akipima chumvi;
lori lake la kusukuma theluji linanguruma peke yake uani.
Kwenye kiti, chini ya glavu, kasha la diski ya maktaba:
Kifaransa cha msafiri, sehemu ya tatu,
ya kurudishwa Februari.
Nikabonyeza.
Mwanamke akauliza kituo cha treni kiko wapi,
akanyamaza,
akaacha ukimya wenye urefu kamili wa sauti ya baba yangu.

Mtu ambaye hajawahi kuivuka Green Bay!
Msimu mzima wa baridi, taa za manjano zikizunguka juu ya kichwa chake,
amekuwa akiyauliza mashimo ya barabara
njia ya kuja kuniona.

Nililia kidogo. Kisha, nisamehewe, nikapata wepesi.
Angenizuia, ningekwenda ng'ambo kumkomoa.
Sasa hakuna ukuta wa kuruka,
kuna swali tu,

na swali lilikuwa ndani ya bahasha ya kwanza,
kwa wino, mistari ikipanda mlima,
mwandiko wa Profesa Oakes
aliyeisoma insha yangu ya chumvi ya barabarani:
"Hukusema inakwenda wapi theluji ikiyeyuka.
Mimi pia sijui vizuri. Njoo tuifuate."

Saa tano na dakika arobaini nililipa.
Dola mia tatu, hazirudishwi,
Jumamosi zangu sita za kuosha sahani.
Skrini ikaniambia hongera, Aune,
ikaniuliza saizi ya fulana.

Asubuhi nilimwambia. Alikuwa amevua buti moja,
akakaa nayo mkononi.
"Saa nne," akasema. "Hiyo haimalizi hata tangi moja."
Akaenda kulala na soksi zake.

Diski hajairudisha.
Anasema amefika kwenye bei ya mkate,
na si adabu kutoka dukani
kabla hujalipa.