Kodi

Watu wa huku hupima kuni kwa kodi.
Mara ya kwanza nilidhani sikio limenidanganya:
kodi ya nyumba nimelipa, kodi ya serikali imekatwa
kabla mshahara haujanusa mfuko wangu,
na sasa hata kuni?
Pelletier, jirani, akanyoosha mikono kunionyesha:
futi nne kwenda juu, nne kuingia ndani, nane kwa urefu.
Hiyo ndiyo kodi moja. Jiko letu hula sita
tangu Oktoba hadi matope ya Aprili.

Kwa mama yangu, Uvira, kuni zilipimwa kwa shingo.
Mzigo ulikuwa kile ambacho shingo ilikubali, basi.

Mwaloni ulioangushwa na upepo wa Machi
umelala nyuma ya banda, vipande arobaini na viwili
(nilivihesabu, kisha Mwavita akavihesabu upya, ananijua),
kila kimoja kipana kama sinia la harusi.
Shoka huingia inchi mbili, likang'ang'ania humo
kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda.
Bega langu la kulia halitaki tena mazungumzo.

Kwa hiyo mashine.
Duka la kukodisha, ukitoka Sabattus kuelekea Lewiston:
dola tisini na tano kwa siku,
irudi kabla ya saa kumi na moja jioni, tangi limejaa,
la sivyo wanahesabu siku ya pili.
Kuinunua: elfu moja mia sita na kumi na tano,
na hiyo ni ile nyekundu.
Ya njano ina nguvu zaidi, na bei ya kukausha mate.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari langu ni mgongo wa bahasha ya bili ya umeme.
Nikagawanya. Kumi na saba.
Siku kumi na saba za kukodi ndiyo mashine nzima.
Siku mbili kila mwaka, miaka minane na nusu.
Nikaandika umri wangu pembeni, nikajumlisha,
nikafuta.

Mama kwenye simu: "Nguo ya kuazima haisitiri matako."
"Hii si nguo, mama. Ni mashine."
"Na hiyo baridi, huwa inakuingilia wapi?"

Mwavita hakuinua macho kwenye maharage.
"Cha kukodi huugulia kwa mwenyewe," alisema.
"Chako kikiugua, utakesha nacho wewe,
na oili, na plagi, na lugha ya Kimombo ya fundi.
Tena utakiweka wapi? Banda limejaa baiskeli
za watoto walioota ndevu."

Sikumjibu. Niliwaza lile turubai la kambini
lililokuwa na namba badala ya jina letu,
na tiketi za ndege zilizotuleta,
tulizozilipa kidogo kidogo miaka minne
baada ya kutua.
Nilitaka kitu kimoja kizito
nikiegemee nikisema: hiki, hapana, hakirudi.

Jumamosi nikakodi.
Ikanyesha tangu asubuhi. Dola tisini na tano
zikakaa chini ya nailoni, zikitazamana nami.
Pelletier akaja na koti lake la mpira, akaizunguka mara mbili.
"Nilikuwa nayo kama hii," akasema. "Niliiuza mwezi jana.
Mia nne. Laiti ungeniambia."

Saa tisa mvua ikachoka.
Yeye akashika mkono wa mashine, mimi nikabeba.
Chuma hakina hasira: kilisukuma polepole
mpaka mwaloni ukaguna, ukafunguka,
ukatoa harufu chachu, kama pombe ya jana.
Vipande ishirini na tisa. Nikairudisha
dakika kumi kabla ya saa, matope hadi magotini.

Kumi na vitatu vimebaki nje, vimelowa.
Usiku nikakuta bahasha mezani.
Chini ya kumi na saba yangu,
kwa mwandiko wa Mwavita:
kumi na sita.