Kidole cha Fundi Tomaso

Katekista Anselmi alitaka kumbatiza Petro:
jina la mwamba, alisema, lamfaa mkata mawe.
Baba akakataa. Akataka la yule aliyechelewa,
ambaye wenzake walipomwambia tumemwona
alitaka kwanza atie kidole.
"Huyo ndiye fundi," alisema, mbele ya wabatizwa wote wa Barani.
"Hao wengine ni wateja."

Tangu hapo kidole chake cha shahada
kilitambaa kwenye kuta za Malindi kama mjusi.
Ukuta umepigwa lipu, umepakwa chokaa, unameremeta;
yeye atausogelea, atatafuta ufa,
atakitia hadi fundo la pili, atakinusa.
"Mchanga wa pwani. Chumvi. Utakohoa kabla ya masika."
Na ukuta ulikohoa.

Kila tarehe tatu Julai, siku ya somo wake,
alitusimulia habari zake kama za mtu waliyechanganya udongo pamoja:
alivyouzwa utumwani hadi Bara Hindi,
mfalme akamkabidhi fedha, nijengee kasri,
naye akazigawa, moja moja,
kwa wajane, kwa vilema, kwa wenye njaa.
Kasri yangu iko wapi?
Iko juu. Utaiona ukishakufa.

"Hapa," baba aligonga mwiko kwenye karai,
"hapa somo wangu kaniudhi.
Fundi hali arbuni ya mtu kisha akamwonyesha mbingu.
Timazi huko ataining'iniza wapi?"

Nilikuwa darasa la sita alipopewa arbuni na Mtaliano wa Kasuarina:
ukuta wa matumbawe, mita themanini.
Usiku uleule mtoto wa Kahaso alifura tumbo,
na gari la kumfikisha Mombasa haliendi kwa rozari.
Asubuhi mfuko wa shati la baba ulikuwa mtupu.
Mama hakuuliza.
Alikwaruza sufuria tu, kwa muda mrefu.

Miezi mitatu baba alitoka kabla ya adhana,
akayakata mwenyewe mawe ambayo angeyanunua.
Mtaliano hakujua lolote. Alikabidhiwa mita themanini
zilizonyooka kama kiapo.
"Mimi si mtume," alisema baba, akinawa.
"Kasri yangu lazima ionekane."

Hoteli ilishafungwa. Paa limelala sakafuni,
mwenyewe karudi kwao, baba yuko makaburini.
Jana nilipita na Ngumbao, mtoto yule wa Kahaso,
siku hizi ana ndevu na deni la pikipiki.
Nikatafuta ufa, mita baada ya mita,
kidole kikarudi na vumbi jeupe, basi.

"Unatafuta nini?"
Nikamwambia.
Akacheka, akapandisha fulana.
Ubavuni, mshono wa zamani, umekunjamana kama lipu mbaya.
"Na huu pia ni wa baba yako," alisema. "Gusa."

Sikugusa.
Kidole changu kilikuwa bado na chokaa.