Pengo

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa tatu usiku.
Studio imefungwa nusu mlango. Semhando amekaa
juu ya kreti la soda, kofia mapajani,
kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Zimekwenda?"
Simjibu. Fundi hajibu kabla ya kuona.

Diski tatu, kila moja na herufi yake kwa kalamu nzito,
A, B, C. Na kioo cheusi kinaniandikia
U, kistari, U:
mtoto wa darasa la pili anacheka
bila jino la mbele.

Jumanne umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo.
Mbaruku, mpwa wake, akaichomoa B
akaipachika kwenye kompyuta nyingine.
Ile ikamuuliza swali kwa adabu ya karani,
naye akabonyeza Ndiyo,
kama tubonyezavyo sote, ili swali liondoke.

Swali likaondoka. Jedwali la mipaka likaondoka nalo.

Nikamwambia Semhando: kiwanja chako cha Pongwe,
mtu aking'oa bikoni usiku, zote nne,
akazitupa korongoni, ardhi imehama?
Mihogo imehama?
"Haijahama. Ila kukicha
kila jirani ana mkono mrefu."
Hofu yangu ndiyo hiyo. Ardhi ipo.
Asilime mtu. Asiandike mtu humu, hata nukta.

Mbaruku yuko nje, kashika baiskeli,
haingii wala haondoki.

Kwanza nakala. Saa tatu nzima, sekta kwa sekta,
kwenye diski za kuazima, feni ikinung'unika.
Ndani ya A na C, wawili wabebao mzigo wa watatu,
wamo watoto elfu mbili mia moja na kumi na nne:
shuka la buluu nyuma, ukosi umenyooshwa,
midomo imefumbwa kama ilivyoagizwa.
Fomu za mtihani zinafungwa Jumatatu.

Halafu nikamuuliza C mipaka yake.
Walikatwa kwa kipimo kimoja, hawa ndugu;
alipoanzia huyu ndipo alipoanzia yule.
Nikaipigia B mipaka ile ile,
nikairudisha kwenye safu,
nikaondoa mikono mezani.

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema.
Lakini hili si la pembe. Linaota lenyewe, kwa hesabu:
hii ndiyo jumla, hiki ndicho alichosema A,
kinachobaki ndicho alichosema aliyepotea.
Hivyo hivyo, mara mabilioni,
bila kusinzia, bila kusema "tutaona kesho".

Asilimia nne.
Asilimia kumi na moja.
Kwenye arobaini na moja taa ikawa ya njano,
betri ya akiba ikalia mara nne,
tukaacha kupumua mimi na Semhando
na, nadhani, yule wa mlangoni.
Taa ikarudi nyeupe.

Ndipo Mbaruku alipoingia, na chai ya rangi
na mkate wa mofa ndani ya gazeti.
Akaviweka sakafuni, mbali kabisa na mashine.
Mjomba wake akasogea kidogo kwenye kreti.

Alfajiri kioo kikabadilika.
Semhando akavaa miwani, akasoma polepole:
"U. U. U. Neno gani hili?"
Si neno, nikasema. Ni meno.

Picha moja tu haikupona, ile iliyokuwa ikiandikwa
umeme ulipokatika: Zahoro Mntambo, wa Makorora,
mzima hadi puani, chini yake kijivu kitupu.
Mbaruku akapanda baiskeli kwenda kumwita
kabla hajatoka nyumbani.

Semhando alinilipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi.
Kabla ya kuondoka nilikata kipande cha plasta,
nikaandika kwa kalamu ya wino, tarakimu wazi:
inapoanzia, inapoishia,
A, B, C,
nikakibandika ndani ya kifuniko.
Halafu nikaandika kingine,
nikampa akakiweke anakoweka hati ya kiwanja.